Walezi, Makatekista na Waratibu: Historia ya Uongozi wa Elimu ya Watoto Wadogo Tarime na Serengeti

Mto Mara, unaoingia Tanzania kutoka Kenya na kuishia katika Ziwa Victoria, unatenganisha wilaya mbili zenye historia inayoingiliana: Tarime upande wa kaskazini, yenye nyanda za juu zinazofika hadi mpakani, na Serengeti upande wa kusini, ambayo makao yake makuu ni Mugumu na ambayo ardhi yake inapakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1951. Wakurya wanaishi ng'ambo zote mbili za mto huo, na upande wa Serengeti wanachangamana na Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wataturu, kila jamii na lugha au lahaja yake. Katika eneo hili elimu ya awali, yaani mafundisho anayopewa mtoto kabla ya kuingia darasa la kwanza, imepita katika mikono ya bibi wa nyumbani, katekista wa misheni, mlezi wa kijiji cha ujamaa, mwalimu wa kujitolea na hatimaye mwalimu aliyeajiriwa na serikali. Historia ya watu hao inaeleweka vizuri zaidi pale yanapoulizwa mambo mawili kwa pamoja: nani alikuwa na mamlaka juu ya kazi yao, na wao wenyewe waliijifunza wapi. Majibu yanaonyesha mwelekeo unaojirudia, kwani mamlaka ya kuongoza yaliendelea kupanda juu, kutoka nyumbani kwenda misheni, wilayani na wizarani, ilhali ujuzi wenyewe wa kumfundisha mtoto mdogo uliendelea kupatikana kule chini, kwa wenzi wa karibu, mara nyingi bila kutambuliwa na mwenye mamlaka.

Malezi kabla ya shule

Kabla ya kuja kwa wakoloni, Wakurya hawakuwa na mtawala mmoja aliyeshika madaraka ya jamii nzima. Mambo makubwa yalizungumzwa katika ritongo, yaani baraza la wazi la wanajamii, na nyuma yake kulikuwa na inchama, baraza la siri la wazee lenye mamlaka ya mila na matambiko. Kila mtu alizaliwa ndani ya tabaka la kizazi alilolirithi kwa baba, katika mojawapo ya mafungu mawili makuu ya Abasai na Abachuma, kisha alipofikia umri wa kutahiriwa aliingia katika saro, yaani kundi la waliotahiriwa msimu mmoja, ambao waliitana wenzi maisha yao yote. Mpangilio huo uligusa malezi moja kwa moja, kwa sababu ulimfundisha mtoto tangu mapema ni nani wa kumstahi, ni nani mwenzake na ni nani wa kutaniana naye. Wazazi na watoto waliwekeana mipaka ya heshima, lakini mababu na wajukuu walitaniana kwa uhuru, na kwa sababu hiyo bibi aliweza kuyasema mbele ya mtoto mambo ambayo mama yake asingeyatamka.

Uongozi wa malezi ya awali, kwa hiyo, ulikuwa wa wanawake wazima wa nyumba. Mama na bibi ndio waliogawa kazi, na dada mwenye umri wa miaka saba au minane alimbeba mdogo wake na kumtunza huku akisahihishwa papo hapo pale alipokosea, hivyo akawa amejifunza ulezi kabla hajawa na mtoto wake mwenyewe. Wavulana walianza na ndama na mbuzi karibu na nyumbani, wakiwa chini ya wavulana wakubwa kidogo waliokwisha kuyajua malisho, ndipo wakapandishwa hatua kwa hatua hadi kuchunga ng'ombe mbali. Vitendawili, hadithi, majina ya koo na hesabu ya mifugo vilifundishwa ndani ya shughuli hizo, si katika saa maalumu iliyotengwa. Hata desturi ya nyumba ntobu, ambayo kwayo mwanamke mwenye mali humwoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, inaonyesha jinsi mamlaka ya mwanamke mzima juu ya nyumba na watoto wake yalivyokuwa na nguvu ya kisheria katika mila.

Mfumo huo haukuwa mkamilifu. Ulimwandaa mtoto kwa nafasi aliyokwisha kupangiwa na umri na jinsia yake, wala haukumpa msichana nafasi ya kuichagua njia nyingine. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo iliyofuata ilichelewa kuirudia: aliyemwongoza mlezi aliishi naye, aliiona kazi yake kila siku, na yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kazi hiyo hiyo.

Misheni, shule za vichakani na mwalimu mtembezi

Utawala wa Wajerumani, ambao katika eneo hili ulikuwa na kituo chake Shirati karibu na ziwa, haukuacha shule nyingi nyuma yake. Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa Waingereza, hasa kupitia makanisa. Wamenoni kutoka Marekani walianzisha kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamepanda hadi Nyabasi katika nyanda za juu za Wakurya. Kwa upande wa Wakatoliki, mapadre wa Maryknoll walikabidhiwa eneo la Musoma mwaka 1946, na mwaka 1948 masista wa shirika hilo walifika Kowak, ambayo leo iko Wilaya ya Rorya lakini wakati huo ilikuwa katika wilaya moja na Tarime. Vituo hivyo vilizungukwa na shule ndogo ndogo zilizoitwa shule za vichakani, yaani madarasa yaliyoendeshwa chini ya mti au katika kibanda na katekista aliyekuwa na elimu ya miaka michache tu, akifundisha alfabeti, nyimbo, sala na hesabu kidogo kwa watu wa umri wowote waliofika.

Shule hizo hazikuwa za watoto wadogo kwa makusudi. Mtoto wa miaka mitano alihesabiwa bado kuwa wa nyumbani, na wengi walianza kusoma wakiwa wakubwa: Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama katika eneo hili hili la Mara mwaka 1922, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Hata hivyo, wadogo waliwafuata kaka na dada zao hadi kwenye vibanda hivyo, na katekista akajikuta akifundisha rika zote kwa pamoja, kwa kuchanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili, bila mtu wa kumwonyesha namna ya kufanya hivyo.

Ni katika kipindi hicho ndipo lilipozuka kwa mara ya kwanza, katika sera za kikoloni, wazo la kumpatia mwalimu wa namna hiyo kiongozi wa kitaaluma, yaani mtu ambaye kazi yake si kuamuru wala kukagua tu, bali kumsaidia mwalimu kufundisha vizuri zaidi. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisifu mtindo wa walimu watembezi uliotumika katika shule za Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, na mwaka 1925 shule ya kuwaandaa walimu wa aina hiyo, iliyopewa jina la Jeanes kwa heshima ya mfadhili wa mpango wa Marekani, ilifunguliwa Kabete nchini Kenya. Mwalimu wa Jeanes alipaswa kuzunguka kutoka shule hadi shule, kuketi na mwalimu wa kijijini na kumwonyesha kwa vitendo. Tanganyika iliuchukua mtindo huo kwa kiasi kidogo tu. Ruzuku za serikali, zilizotolewa chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1927, zilikwenda kwa shule zilizotimiza masharti, wala si kwa shule nyingi za vichakani, na hivyo katekista aliachwa mikononi mwa mmisionari aliyemtembelea kwa nadra na ambaye mara nyingi alipima imani kabla ya ufundishaji.

Azimio la Musoma na walimu waliofunzwa kazini

Baada ya uhuru, mwelekeo wa kuipeleka elimu karibu na wananchi ulipata nguvu mpya. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, na mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana mjini Musoma na kuazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe amepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, badala ya kusubiri hadi mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa awali. Azimio hilo, ambalo lilichukua jina la mji mkuu wa mkoa wenyewe, lilipitishwa wakati uleule ambapo wananchi wa Tarime na Serengeti, kama wenzao kwingineko nchini, walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na hivyo shule nyingi mpya zilihitaji walimu kwa haraka ambayo vyuo visingeweza kuimudu.

Suluhisho lililotumika linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni mojawapo ya majaribio makubwa ya mafunzo kazini, yaani mafunzo anayopata mwalimu huku akifundisha, katika historia ya nchi. Vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa katika maeneo yao, wakakabidhiwa kufundisha, mara nyingi katika madarasa ya chini, kwa sehemu ya muda wao, na muda uliobaki wakafundishwa na wakufunzi waliowekwa karibu nao, wakisikiliza vipindi vya redio na kufanya mazoezi yaliyotumwa kwa posta, kabla ya kumalizia chuoni kwa kipindi kifupi. Mafunzo hayo ya miaka mitatu yaliandikisha vijana wapatao 45,000 nchini kote, na zaidi ya 35,000 kati yao walifuzu na kupata vyeti. Wakosoaji walisema, kwa haki, kwamba kiwango chao cha elimu ya jumla kilikuwa cha chini na kwamba kasi hiyo iliumiza ubora. Lakini mpango huo ulijengwa juu ya kanuni moja ya maana: mkufunzi aliishi ndani ya eneo la shule alizozihudumia, na mwanafunzi wa ualimu alilijaribu kesho yake darasani jambo alilofundishwa leo. Huo ulikuwa mtindo wa mwalimu mtembezi, uliofufuliwa kwa kiwango kikubwa na kwa fedha za umma.

Watoto walio chini ya umri wa shule hawakuingizwa katika mpango huo. Wao waliachiwa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo Umoja wa Wanawake, ulioanzishwa mwaka 1962 na kujulikana kwa kifupi UWT, uliviendeleza vijijini ili akina mama wapate nafasi ya kushiriki kilimo cha pamoja. Mlezi wa kituo alichaguliwa kijijini, alipewa semina fupi, na malipo yake yalitegemea serikali ya kijiji au uji na michango ya wazazi. Mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, iliyoviweka vituo hivyo chini ya idara ya ustawi wa jamii, si ya elimu. Uamuzi huo, uliokusudiwa kumlinda mtoto, ulikuwa na matokeo ya muda mrefu, kwani ulimtenga mlezi wa watoto wadogo na ngazi zote za kitaaluma walizokuwa nazo walimu: hakuwa na mkaguzi wa elimu, hakuwa na daraja la cheti, wala hakuwa na njia ya kupandishwa. Uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980 na vijiji vikakosa fedha, vituo vingi vilibaki majina tu.

Darasa la awali laingizwa shuleni

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoitambua rasmi elimu ya awali kama ngazi ya kwanza ya mfumo wa elimu, ikawaweka watoto wa miaka mitano na sita katika madarasa yaliyoambatanishwa na shule za msingi na kuagiza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa watoto wadogo alikuwa chini ya mwalimu mkuu, na juu ya mwalimu mkuu alikuwepo mratibu wa elimu wa kata na afisa elimu wa wilaya. Ngazi ya uongozi ilikamilika, lakini aliyeshika ngazi hiyo alikuwa ameandaliwa kwa kazi nyingine. Chuo cha uongozi wa elimu kilichopo Bagamoyo, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la MANTEP na kugeuzwa mwaka 2001 kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, kiliwaandaa walimu wakuu zaidi kwa utawala, mipango na fedha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulielekeza nguvu zake kwenye vyumba vya madarasa, vitabu na kuwapandisha madaraja walimu wa msingi, huku darasa la awali likikabidhiwa aliyepatikana, na pale ambapo hakupatikana, wazazi walimchangia kijana au mama wa kijijini awafundishe watoto wao.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika mwaka 2016. Serikali ilipoondoa ada na kupiga marufuku michango ya lazima kuanzia Januari mwaka huo, idadi ya watoto wa darasa la awali nchini ilipanda ghafla kutoka karibu milioni 1.07 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5, na katika shule za serikali mwalimu mmoja mwenye sifa alihesabiwa kwa watoto zaidi ya 100, ilhali kiwango kilichopangwa ni watoto 25. Marufuku ya michango, iliyowapunguzia wazazi mzigo, iliukata pia mkondo uliowalipa walimu wa kujitolea. Katikati ya muongo huo huo walimu wakuu na waratibu wa kata walianza kulipwa posho ya madaraka, hatua iliyostahili kwa uzito wa kazi yao, lakini iliyoonyesha waziwazi kwamba fedha za uongozi zilipatikana wakati ambapo anayekaa sakafuni na watoto hakuwa na fungu lake.

Utayari, pikipiki na jumuiya za kujifunza

Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoingizwa katika Mpango wa Kuinua Ubora wa Elimu Tanzania, EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, na ndani ya mpango huo jibu la eneo hili kwa tatizo la watoto wadogo lilipatikana kwa njia iliyofanana sana na ya miaka ya 1970. Programu ya utayari wa shule, yaani maandalizi mafupi ya mtoto ambaye hakupata nafasi ya darasa la awali, iliendeshwa na wasaidizi waliochaguliwa na jamii zao, waliopewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi za Kiswahili, kwa kipindi cha wiki 12 na baadaye 16. Chaguo hilo lilikuwa na faida ya pekee katika maeneo ya lugha nyingi kama Tarime na Serengeti, kwa sababu mtoto anayezungumza Kikurya, Kingoreme au Kitaturu nyumbani hukutana na Kiswahili cha darasani kama lugha ya pili, na msaidizi anayejua lugha zote mbili anaweza kumvusha kwa upole ambao mwalimu aliyehamishiwa kutoka mkoa wa mbali hana uwezo nao. Mpango huohuo uliwafunza walimu wakuu na waratibu wa kata namna ya kuangalia ufundishaji darasani na kuzungumza na mwalimu baada ya kipindi. Mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki kwa waratibu elimu kata nchini, na katika wilaya zenye kaya zilizotawanyika na milima au mbuga kati ya shule na shule, chombo hicho kilikuwa na uzito wa kitaaluma, kwa maana mratibu asiyefika shuleni hana anachoweza kumfundisha mwalimu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuyafanya mafunzo ya kazini kuwa kazi ya kudumu badala ya semina ya mara moja. Mwongozo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa kitaaluma na Taasisi ya Elimu Tanzania, unaziagiza shule kuunda jumuiya za kujifunza, yaani vikundi vya walimu wanaokutana shuleni mwao kwa ratiba maalumu, kuchagua tatizo la ufundishaji, kulijadili kwa kutumia moduli, kulijaribu darasani na kurudi kutathmini, wakiongozwa na mwezeshaji aliye mmoja wao. Programu ya Shule Bora, ambayo Mara ni mmoja wa mikoa yake tisa, imeutia nguvu utaratibu huo. Wakati huohuo fedha za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19 zilizotolewa mwaka 2021 zilijenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini, na 3,000 kati yake vilikuwa vya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama yanayowekwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee mbali. Shule shikizi zimemleta mtoto wa Tarime na Serengeti karibu na darasa, ila zimemweka mwalimu wake mbali na mwalimu mkuu, na jumuiya ya kujifunza ya shule mama si rahisi kumfikia isipokuwa ratiba imwite kwa makusudi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, chini ya toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, unaihesabu elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima, na kwa hiyo umeongeza uzito wa swali la nani atamwongoza mwalimu huyo.

Historia hii haithibitishi kwamba zama za bibi zilikuwa bora kuliko zama za mratibu, wala kwamba semina za Bagamoyo zilikuwa kazi bure. Inachothibitisha ni kwamba kila mara elimu ya watoto wadogo ilipopiga hatua katika wilaya hizi, mambo mawili yalikuwepo pamoja: kiongozi aliyefika darasani mara kwa mara na kuyajua yanayotendeka humo, na mwalimu aliyekuwa na wenzi wa kujifunza nao karibu na kazi yake. Pale lilipokuwepo moja tu, kama mkaguzi bila wenzi au mlezi bila kiongozi, mafanikio hayakudumu. MEWAKA umeyaleta yote mawili ndani ya mwongozo mmoja, lakini umeandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyeajiriwa. Iwapo msaidizi wa kijijini, mwalimu wa shule shikizi na mlezi wa kituo cha mchana hawatapewa nafasi katika kikao cha jumuiya ya kujifunza, pengo lililofunguliwa na sheria ya mwaka 1981 kati ya malezi na ualimu litabaki wazi, na mtoto wa miaka mitano ataendelea kuanza safari yake ya elimu mikononi mwa mtu asiye na wa kumwongoza.